Kioo cha mbele cha gari la kulala kinavuja: namna ya kukiziba kwa muda hadi umfikie fundi

Masika yakianza, swali huwa ni lile lile: “Nimemaliza tyubu nzima ya silikoni, mbona maji bado yanaingia?” Anayeuliza ni dereva wa Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au mwenye Coaster aliyoigeuza nyumba, au mwenye lori lililofungwa boksi la kulala nyuma. Nikienda kuangalia nakuta silikoni imepakwa ukingo wa chini wa kioo, pale maji yalipoonekana, juu ya raba yenye vumbi na unyevu. Maji yenyewe yanaingilia juu, pengine upande mwingine kabisa wa gari.

Mwongozo huu ni wa kuziba kwa muda, ukiwa safarini au ukisubiri raba mpya, kioo kipya au nafasi kwa fundi. Shika jambo moja kabla hujagusa chochote: kupima kunaanzia chini, kuziba kunaanzia juu. Wengi wanafanya kinyume chake. Sababu utaiona tukifika kwenye kila hatua.

## Vifaa vya kukusanya kwanza

- Mtu wa pili. Mmoja anamwaga maji nje, mwingine anaangalia ndani. Peke yako utakimbia huku na huku na tone la kwanza litakupita.
- Tochi, ya kichwani ikipatikana.
- Mpira wa maji. Kama uko porini, dumu la lita 5 lililotobolewa kifuniko linatosha.
- Poda ya mtoto au chaki iliyosagwa, pamoja na tishu.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani na brashi ndogo laini.
- Spiriti na vitambaa vya pamba visivyoacha manyoya. Usibadilishe spiriti kwa petroli, dizeli au thina. Petroli na dizeli huvimbisha raba na kuilegeza, na thina inakula rangi ya gari.
- Tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi.
- Kijiti cha plastiki au cha mwanzi kilichochongwa bapa. Bisibisi ikae mbali na kazi hii.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 10 au 20.
- Dawa ya kuziba, ambayo inahitaji maelezo yake.

## Dawa ipi kwa kioo kipi

Silikoni nyepesi ya vioo vya magari inatiririka kama asali iliyopashwa moto na kujipenyeza yenyewe kwenye ufa mwembamba. Hii ni ya kioo kilichoshikwa na raba, kati ya raba na kioo tu.

Butili ni nyeusi, inanata, laini kama bigijii iliyotafunwa, na haikauki ikawa ngumu. Inauzwa kwenye tyubu au kama utepe. Inafaa kati ya raba na bodi, kwa sababu bodi ya gari la kulala inajipinda kila siku na kitu kigumu hapo hupasuka. Ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote kwa kazi ya muda, kwani fundi anaweza kuibandua baadaye bila kulaani.

Poliyurethani, gundi ya mafundi bodi na mafundi vioo, ni ya kuziba tundu dogo kwenye kioo kilichobandikwa kwa gundi, bila raba (hatua ya 4 itakuonyesha chako ni kipi). Ikishaiva haitoki ila kwa kukatwa, kwa hiyo usiipake kwenye raba.

Usinunue ile silikoni ya bei rahisi inayonuka siki, ya kuzibia mabafu na madirisha ya alumini. Harufu ile ni ya asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, na asidi hiyo inaanzisha kutu kwenye bati lililochubuka. Tena mabaki ya silikoni, ya aina yoyote, hayakubali gundi ya kubandikia kioo wala rangi. Siku ya kufunga kioo vizuri, fundi atalazimika kukwangua kila milimita. Ndiyo maana hata ile nyepesi naiweka kwenye magari yenye vioo vya raba peke yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kioo kweli

Maji kwenye zulia la mbele yana njia nyingi za kufika pale. Anza na zile zisizohitaji dawa.

Gusa maji kwa vidole na uyanuse. Yakiwa ya mtelezo na yenye harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, na ni kazi ya fundi mwingine. Yakiwa safi, na yanatokea siku za jua kali ukiwa umewasha AC, mpira unaotoa maji ya AC nje umeziba, mara nyingi kwa matope.

Kisha fungua boneti na uangalie mfereji ulio chini ya waipa. Majani yanajaa pale, hasa kama unalaza gari chini ya miti. Matundu ya kutolea maji yakiziba, maji yanapanda hadi kwenye tundu la hewa na kuingia ndani, nawe unalaumu kioo. Toa majani kwa mkono, mwaga lita 2 za maji, uone yanatoka chini ya gari bila kusita.

Kwenye gari la kulala kuna wahalifu wengine watatu: bolti za keria, taa ndogo za paa zilizo juu ya kioo, na skrubu za snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, kwenye nguzo ya pembeni. Maji yakiingia hapo yanashuka ndani ya nguzo na kutokea kwenye kona ya dashibodi, na mtu yeyote angeapa ni kioo. Ukishuku mojawapo, ifunike kwa tepu kabla ya kupima, kisha upime tena bila tepu.

*Umefanikiwa ikiwa:* mfereji unatiririka, maji hayana harufu, na uvujaji unatokea mvua ikinyesha au gari likioshwa tu.

## Hatua ya 2: Okoa umeme na uone kwa macho

Nyuma ya dashibodi kuna fyuzi na kompyuta za gari, na kwenye gari la kulala mara nyingi kuna nyaya za betri ya pili na inveta ambazo mtu alizipitisha hapo baadaye. Kama maji yanadondokea upande huo, chomoa ncha hasi za betri zote mbili kabla ya kupima. Inua zulia pia. Sponji iliyo chini yake inanywa maji mengi kuliko unavyofikiri, na itaendelea kulowesha sakafu hata baada ya kuziba vizuri, ukadhani umeshindwa.

Toa plastiki inayofunika nguzo za pembeni, ukiweza, ili uone ukingo wa kioo. Ukikuta waya wenye soketi ya njano, uache kabisa. Njano kwa kawaida ni rangi ya soketi za mifuko ya hewa (airbag), ile inayofumuka gari likigonga.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali maji yanapoingilia

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukipapata vizuri, kuziba ni nusu saa. Ukipakosa, utaziba mwezi mzima.

Futa ukingo wa ndani wa kioo uwe mkavu kabisa. Chukua brashi laini, upake poda nyembamba kuzunguka ukingo wote wa ndani, juu, pembeni na chini. Mwenzako aingie ndani na tochi, milango na madirisha yafungwe.

Wewe nje, shika mpira wa maji bila kubana mdomo wake. Maji yatiririke, yasirushwe. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Mkandamizo wake unasukuma maji hata kupitia raba nzima, na utapata “uvujaji” usiokuwepo.

Anza ukingo wa chini, kona moja hadi nyingine, dakika 3 hadi 5 kila sehemu. Kisha pandisha kwenye nguzo za pembeni, kidogo kidogo. Ukingo wa juu uwe wa mwisho. Ukianzia juu maji yatashuka na kulowesha kila mahali, na hutajua yameingilia juu, katikati au chini. Ukianzia chini, kila sehemu iliyopita mtihani inaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Aliye ndani asiangalie matone. Aangalie poda. Tone likidondoka limeshasafiri, lakini poda inaonyesha lilikotoka: kwanza utaona doa jeusi dogo kama kichwa cha kiberiti, halafu uzi mwembamba unakata weupe kuelekea chini. Doa lile la juu kabisa ndilo tundu lako. Mwambie apige kelele, nawe uweke alama nje kwa kipande cha tepu mahali hapo hapo.

Usisimame kwenye tundu la kwanza. Endelea hadi umalize mzunguko, kwa sababu raba iliyozeeka huvuja mahali pawili au patatu.

Ukiwa na shaka, kuna kipimo cha pili ninachokipenda sana. Kausha gari. Washa feni ya hewa hadi mwisho, ikivuta hewa ya nje, na ufunge milango yote. Nje, paka povu la sabuni kuzunguka kioo kwa brashi. Hewa inayotafuta pa kutokea itapuliza povu na utaona mapovu madogo yakichemka mahali penye tundu. Kipimo hiki hakilowanishi kitu ndani, na unaweza kukifanya hata kambini penye maji ya shida.

*Umefanikiwa ikiwa:* unaweza kuonyesha kwa kidole, ukiwa nje, kila mahali maji yanapoingilia, na ukirudia kumwaga hapo tu, maji yanaingia tena.

## Hatua ya 4: Jua kioo chako kimeshikwaje

Tazama ukingo kutoka nje. Kama kuna raba nene inayokumbatia kioo upande mmoja na bati upande mwingine, hicho ni kioo cha raba. Ndivyo ilivyo kwenye Land Cruiser za familia ya 70, Land Rover Defender za zamani, malori mengi ya zamani na motohomu nyingi, yaani magari yaliyoundwa kuwa nyumba. Kama kioo kinakaa karibu usawa wa bodi na kuna ufito mwembamba tu wa urembo pembeni, na ukingo wa kioo umepakwa weusi kwa ndani, hicho kimebandikwa kwa gundi.

Kwa kioo cha kubandikwa, fanya jaribio moja kabla ya kuendelea. Ukiwa ndani, weka kiganja karibu na mahali panapovuja na usukume nje polepole, kwa nguvu ya kufunga droo. Kioo kikicheza hata kidogo, acha hapo. Hilo si tatizo la maji tena. Kioo kilichobandikwa ni sehemu ya uimara wa kibanda, na kwenye magari mengi ndicho kinachoegemewa na mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka. Dawa ya kuziba haiwezi kazi hiyo. Funika kwa nailoni, nenda polepole, moja kwa moja kwa fundi vioo.

Angalia pia mambo mawili yatakayokwambia dawa haitadumu. La kwanza ni ufa unaoanzia ukingoni mwa kioo. La pili ni rangi iliyovimba kama malengelenge kando ya raba, maana yake bati chini yake limekwisha kuliwa na kutu. Unaweza kuziba ili ufike, lakini usijipe matumaini ya msimu mzima.

## Hatua ya 5: Rudisha ufito kabla ya kupaka chochote

Hii ni kwa vioo vya raba tu, na ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka.

Raba nyingi za kioo zina mfereji katikati, na ndani ya mfereji huo kuna ufito wa plastiki au raba ngumu. Watu wanaudhani ni urembo. Kazi yake ni kutanua raba ili midomo yake ibane kioo huku na bati kule. Kwa miaka ya jua ufito unasinyaa, ncha zake mbili zinaachana, na pale palipobaki wazi raba inalegea. Baada ya rafu rodi ndefu, kama ile ya kutoka Ngorongoro hadi lango la Naabi la kuingilia Serengeti, wakati mwingine unakuta ufito umechomoka shubiri nzima na unapigapiga kwa upepo.

Lowesha mfereji kwa maji ya sabuni. Tanua midomo yake kwa kijiti bapa na urudishe ufito kwa dole gumba, sentimita chache kwa wakati. Usianzie kwenye kona. Anzia sehemu iliyonyooka na uingie kwenye kona ukiwa na ufito wa kutosha. Kama ncha zimeachana, usiuvute, utachomoka kwingine. Kata kipande kidogo cha ufito wa zamani au cha raba ngumu kinachojaza pengo.

Pima tena kwa maji. Kuna magari niliyoyafuata na dawa mkononi nikarudi nayo haijafunguliwa, kwa sababu ufito ulitosha.

## Hatua ya 6: Kausha, safisha, kausha tena

Dawa inashika kile ilichogusa. Ikigusa vumbi itashika vumbi, na vumbi litabanduka.

Inua mdomo wa raba kwa kijiti kwenye sehemu uliyoweka alama, na shubiri moja zaidi kila upande. Sugua ndani yake kwa mswaki na maji ya sabuni. Utashangaa mchanga unaotoka humo. Suuza, futa, kisha acha mdomo ukiwa umeinuliwa: kata vijiti vidogo vya kiberiti, ondoa vichwa vyake, uvichomeke kila baada ya sentimita 5 hivi ili hewa ipite. Gari likae juani saa 2 au 3.

Kama kuna silikoni ya zamani, itoe yote. Dawa mpya juu ya silikoni ya zamani haishiki. Tumia kijiti na kucha, si wembe kwenye raba.

Mwisho, lowesha kitambaa kwa spiriti na upitishe mara mbili, ukigeuza upande safi wa kitambaa. Hamisha gari kivulini na usubiri lipoe. Kioo kilichochomwa na jua kinafanya dawa itengeneze ngozi juu haraka, kabla haijaingia ndani.

*Umefanikiwa ikiwa:* tishu uliyoisokota na kuipitisha chini ya mdomo wa raba inatoka nyeupe na kavu.

## Hatua ya 7: Ziba, ukianzia juu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Land Cruiser yangu iliyovuja kona ya kulia. Niliziba ukingo wote wa chini kwa nje, kwa uangalifu mkubwa, na sakafu ikakauka. Niliridhika. Masika yaliyofuata fundi alipotoa kioo, bati la chini lilitoka pamoja na raba, jekundu na laini kama mkate uliolowa chai. Maji yalikuwa yakiendelea kuingilia juu, yanashuka ndani ya raba, na mimi nilikuwa nimeyafungia mlango wa kutokea. Yalikaa pale mwaka mzima yakila gari. Kuchomelea bati lile kuliniuma kuliko bei ya raba mpya.

Kwa hiyo ziba ukingo wa juu kwanza, halafu pembeni. Ukingo wa chini uuache wazi, isipokuwa poda imekuonyesha kwa uhakika kwamba maji yanaingilia hapo, na hata hivyo ziba sentimita zile tu.

Kwa sababu hiyo hiyo usizibe kwa ndani. Hutazuia maji kuingia. Utayaficha tu, na yatatafuta njia nyingine hadi kwenye nyaya.

Maji yakipita kati ya raba na kioo. Bandika tepu ya karatasi kwenye kioo, milimita 3 kutoka kwenye raba, na nyingine juu ya raba. Jaza silikoni nyepesi kwenye bomba la sindano, toa vijiti vya kiberiti kimoja kimoja, na ukisukuma taratibu iweke chini ya mdomo wa raba. Iache itiririke. Ukiona mahali inazama, ongeza. Huko ndiko kulikokuwa na tundu. Bonyeza raba kwa dole gumba, ifute iliyofurika, na utoe tepu papo hapo kabla haijakauka, la sivyo utaing'oa dawa pamoja na tepu.

Maji yakipita kati ya raba na bati. Hapa tumia butili. Inua mdomo wa nje, paka kwenye ukuta wa bati mstari wa milimita 3 hadi 4, bila kuacha pengo, kisha rudisha mdomo na uukandamize. Butili kidogo ikichungulia nje ni dalili nzuri, imejaza. Ikate kwa kijiti kilicholoweshwa maji ya sabuni. Kama una utepe wake, kata vipande vyembamba na uvisokote kama tambi kabla ya kuviingiza.

Kioo cha kubandikwa. Toa ufito wa urembo kwa mkono kwenye sehemu inayovuja. Gundi ya zamani nyeusi utaiona ndani. Safisha, kausha, kisha weka poliyurethani kwenye pengo lile tu. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 3, ili gundi iingie ndani badala ya kukaa juu. Usichokonoe gundi ya zamani kwa chuma. Ukiukwaruza ukingo wa bati hadi ung'ae, umepanda mbegu ya kutu.

Kwenye aina zote, usisukume kioo kutoka ndani wakati unaziba. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, nao ukingo wake ndio mahali pa udhaifu. Shinikizo dogo kwenye kona linatosha kuanzisha ufa.

## Hatua ya 8: Subiri

Butili iko tayari hapo hapo. Nyingine mbili zinaiva kwa unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, na poliyurethani kwa kawaida huiva milimita 2 hadi 3 kwa siku nzima katika joto la kawaida. Baridi inachelewesha. Ukilala kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usitegemee kwamba uliyopaka jioni imeiva asubuhi. Hesabu saa 24 Dar es Salaam, na siku mbili mahali pa baridi.

Wakati huo acha dirisha moja wazi kidogo kila unapofunga mlango. Mlango ukifungwa kwa nguvu kwenye gari lililobanwa kote, hewa inasukuma kioo na kupasua ngozi changa ya dawa.

Kisha rudia hatua ya 3 yote, poda na maji, chini kwenda juu. Usiruke. Tundu moja likizibwa, maji huhamia kwenye jingine lililokuwa dhaifu.

*Umefanikiwa ikiwa:* dakika 15 za maji yanayotiririka kwenye ukingo wa juu zinaacha poda nyeupe, haina hata uzi mmoja mweusi.

## Kama mvua inanyesha sasa hivi

Huwezi kukausha, kwa hiyo usipake chochote. Geuza gari, uliegeshe pua ikiwa juu kidogo, ili maji ya paa yashuke nyuma badala ya kwenye kioo. Peke yake jambo hilo linapunguza sana uvujaji wa ukingo wa juu.

Halafu tandika nailoni nzito kutoka katikati ya paa hadi juu ya boneti, ukaze kwa vipande vya tyubu ya tairi: nyuma kwenye keria, mbele kwenye bampa. Tyubu inavutika na upepo, kamba inalegea. Usibane nailoni kwenye milango. Maji yataifuata mikunjo yake hadi ndani. Hii ni ya gari lililosimama tu. Usiendeshe nayo hata mita 100.

Ikibidi uendelee na safari, subiri mvua ipungue, kausha ukanda wa sentimita 5 juu ya ukingo wa kioo kwa kitambaa na spiriti, na ubandike tepu pana isiyopitisha maji, nusu kwenye bati na nusu kwenye raba, mbali na njia ya waipa. Ndani, weka taulo kwenye kona na elekeza matone kwenye kopo kwa uzi mmoja: funga uzi mahali tone linapotokea, ncha nyingine iwe ndani ya kopo, na maji yatauteremkia uzi badala ya kuangukia fyuzi. Bandua tepu mara ufikapo, kabla jua halijaipika kwenye rangi.

## Kabla hujafunga dashibodi

Kausha zulia na sponji yake nje ya gari, juani, siku nzima na ikibidi ya pili. Ukirudisha sponji yenye unyevu, ukungu utaota ndani ya wiki, na katika gari unalolala ndani yake, harufu ile utaivuta usiku kucha.

Pitisha kidole chini ya ukingo wa kioo kila baada ya safari ya rafu rodi. Butili ikisogea, isukume irudi.

Mwisho, chukua kipande cha tepu ya karatasi, andika kwa kalamu: upande uliovuja, dawa uliyotumia na tarehe. Kibandike ndani ya kifuniko cha fyuzi. Fundi vioo atakapokitoa kioo, kipande hicho ndicho kitakachomwambia atumie nini kusafisha na akague bati wapi.